Dakika Kumi za Mjomba Valerian

Milanzi, Sumbawanga
20 Februari 1994

Mpwa wangu Evodia,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mama Zenon anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya baridi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mvua zimekuwa nyingi. Basi lililoleta barua yako ya Krismasi lilikaa siku mbili kwenye matope ya Laela, na ukurasa wa pili umefutika kabisa, kwa hiyo kama uliniomba kitu huko, ujue sijakunyima.

Mji unabadilika. Sokoni limefunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, lina kila kitu ambacho stoo yetu ya hospitali haina. Siku hizi mgonjwa anakuja na glavu zake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Wengine wanalalamika. Mimi nasema afadhali glavu ya kununua kuliko ile niliyokuwa naichemsha mara tano.

Sasa jambo lenyewe. Ni mkono wa mama yako. Unakumbuka alipojikata na kisu cha kuvunia ulezi mwaka 1984, mkono ukatunga usaha mpaka karibu na kiwiko, na nikambeba kwa baiskeli kutoka Pito hadi hospitali. Lile kovu limefunguka tangu Desemba, kuna kidonda chenye kingo ngumu. Dakta Eustace alikiona Jumapili baada ya misa. Amesema kovu la zamani likifunguka hivyo halichezewi. Likatwe mapema, la sivyo siku moja tutakata mkono badala ya kidonda.

Mama yako anakataa. Mara amalize kulima matuta ya ntumba, yale ya kufukia majani, mara Kwaresima iishe, mara ng'ombe wa jirani wameingia shambani. Mimi ni kaka yake, nimemlea tangu baba yetu alipofariki, na kila nikisema anaitikia "Sawa, kaka," halafu haji. Wewe ni mwanawe, tena msomi. Mwandikie aje. Mwambie ganzi nitampa mimi mwenyewe, ya kuchoma kwapani ishike mkono mzima. Dakika kumi tu, wala hatasikia kitu, kama mara ile ya kwanza.

Ni mimi mjomba wako,
Valerian

*

Moshi
13 Machi 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe pole mama Zenon kwa magoti, na mwambie ule ulimi autunze, nautamani sana huku ambako watu wanaongea kwa adabu mpaka unasinzia.

Mimi naendelea vizuri na masomo ya usingizi na ganzi. Darasani tuko tisa, wanawake wawili. Mwalimu wetu ana tabia ya kumwita mwanafunzi mbele bila kumtahadharisha, kwa hiyo ninalala na daftari.

Habari za mama nimezisoma, tena zaidi ya mara moja. Nitamwandikia.

Lakini Mjomba, kuna jambo tumefundishwa wiki iliyopita nikasema lazima ulijue. Ni kuhusu lignokeini, dawa yetu ya ganzi, hasa ile iliyochanganywa na adrenalini. Kiwandani wanaitengeneza iwe na tindikali makusudi, ili isiharibike upesi. Tulichovya karatasi ya kupimia, ikageuka nyekundu kama kwenye ndimu. Sasa dawa ikiwa na tindikali hivyo, sehemu kubwa yake iko katika hali isiyopenya mafuta, na mshipa wa fahamu umevikwa mafuta. Inabidi ikae pale nje, mwili uizimue tindikali yake pole pole, ndipo ipenye. Wakati huo wote sisi tumesimama na saa, mgonjwa anasubiri.

Kumbe ukiongeza baikaboneti kidogo kabla ya kuchoma, unaupunguzia mwili kazi. Kipimo ni mililita moja ya baikaboneti ile ya asilimia nane nukta nne kwa mililita kumi za dawa, changanya pale pale unapotaka kuchoma, usiweke akiba. Ni kama bibi alivyokuwa akitia magadi kwenye maharage: maharage ni yale yale, ila yanaiva upesi. Na sindano yenyewe haiwashi sana inapoingia.

Mwalimu alisisitiza pia kwamba mahali penye usaha mwili wenyewe una tindikali, kwa hiyo pale ganzi huchelewa zaidi, na mara nyingine haishiki kabisa hata mtoaji awe hodari namna gani. Hilo nimeliandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu.

Najua baikaboneti mnayo kwenye kabati la dharura. Tafadhali jaribu, Mjomba.

Mtoto wako,
Evodia

*

Milanzi, Sumbawanga
10 Aprili 1994

Mpwa wangu,

Pasaka imepita salama. Mama yako alikuja misa na mkono ameufunika kwa kitenge, akaimba kuliko wanakwaya, akarudi zake Pito kabla sijavuka uwanja wa kanisa.

Nimekuuliza habari za mkono, umenijibu habari za soda, hiyo baikaboneti yako. Sikatai elimu. Lakini nisomee barua yako mwenyewe uone kama kuna mahali umesema mama yako umemwandikia nini.

Hiyo soda yako nimeijaribu, ili usiseme mjomba ni mbishi. Siku hiyo lignokeini ilikuwa imekwisha, nikachukua bupivakeini, ile ganzi nyingine, nikatia kipimo chako kile kile. Dawa ikageuka nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, na chenga zikatuama chini. Muuguzi Epifania alicheka hadi akakaa. Nikaimwaga yote. Mgonjwa nilimpa ganzi ya siku zote, kwa mkono wa siku zote.

Na nikuambie kitu kwa upendo. Mimi nimetoa ganzi miaka kumi na tisa. Sikusomea Moshi, nilifundishwa na daktari mzungu wa misheni aliyekuwa na haraka, tukiwa na taa moja. Namwambia mgonjwa, "Dakika kumi utakuwa umekufa ganzi." Zikifika namuuliza, "Bado unasikia?" Anasema, "Hapana, mzee." Daktari anakata. Katika miaka hiyo yote watu waliolia mezani kwangu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao walikuwa walevi. Sasa dakika hizo nizipunguze ziwe ngapi, nane? Kwa faida ya nani?

Mwandikie mama yako.

Valerian

*

Moshi
24 Aprili 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na naomba radhi. Kosa la bupivakeini ni langu. Ilinipasa kusema wazi kwamba kipimo kile ni cha lignokeini peke yake. Bupivakeini haivumilii baikaboneti, hata tone likizidi inaganda vile ulivyoona. Ulifanya vema kuimwaga. Nilipomsimulia mwalimu, alisema angependa wanafunzi wake wote wawe na macho kama yako, maana wapo waliowahi kuchoma dawa yenye chenga.

Nisiseme uongo pia kwamba vitabu vyote vinakubaliana. Wapo waliopima wakapata tofauti ya dakika mbili tu, wengine wakapata nusu ya muda. Ndiyo maana nakuomba upime mwenyewe, wagonjwa wako, mezani kwako.

Ila naomba upime hivi. Tumia saa yenye mshale wa sekunde. Mfunike mgonjwa macho. Kila baada ya dakika moja mguse kwa pini kwenye vidole na kwenye kigasha, na asiulizwe "Bado unasikia?" Aulizwe "Kali au butu?" Na anayeuliza asiwe wewe, Mjomba. Awe Epifania. Wewe ukae nyuma ya kichwa cha mgonjwa asikokuona, uandike tu. Fanya hivyo kwanza bila baikaboneti, halafu na baikaboneti.

Usiniulize kwa nini nasema Epifania na si wewe. Fanya kwa ajili yangu.

Mama nimemwandikia. Hajajibu.

Evodia

*

Milanzi, Sumbawanga
26 Juni 1994

Mpwa wangu Evodia,

Najua umekaa miezi miwili ukitazama sanduku la barua. Siyo matope ya Laela safari hii, barabara imekauka na malori ya wanunuzi wa mahindi yanapita usiku na mchana. Nimeandika barua tatu nikazichana. Mama Zenon amesema nikichana na ya nne ataniandikia yeye, na hilo sikulitaka.

Zenon amepata mtoto wa kike. Ulezi tumevuna. Upepo wa mwezi huu unapita hata kwenye tundu la kitasa.

Barua yako ya Aprili ilinichukiza. Niliiweka kwenye Biblia, nikaenda kazini na hasira zangu. Wiki mbili baadaye akaletwa mchunga ng'ombe mmoja, Msukuma, Maganga kwa jina, kutoka bondeni. Fahali amemkanyaga, vidole viwili vimepondeka. Mtu mzima mwenye kifua kama mlango. Nikampa ganzi ya kwapani, lignokeini na adrenalini, bila soda. Dakika kumi zilipofika nikamuuliza, "Bado unasikia?" Akasema, "Hapana, mzee." Dakta Eustace akashika kisu.

Hapo nikakumbuka barua yako, na nikataka kukuonyesha kwamba umekosea. Ni hivyo, sina sababu nyingine nzuri zaidi ya kukuambia. Nikasema, "Daktari, ngoja kidogo." Nikamfunika Maganga macho kwa taulo, nikampa Epifania pini, nikarudi nyuma.

"Kali au butu?"

"Kali."

Akamgusa kidole kingine. "Kali hiyo, dada. Kali sana."

Nikafikiri haelewi Kiswahili cha huku. Nikatoka nyuma nikamwambia, "Bwana Maganga, mimi si nimekuuliza sasa hivi, ukasema husikii?"

Akasema, "Ulishasema dakika kumi, mzee. Zimefika. Mimi ni nani nikubishie kazi yako?"

Alikuwa tayari kukatwa vidole akiwa anasikia kila kitu, kwa sababu ya heshima. Dakta Eustace alikiweka kisu chini polepole, wala hakunitazama. Tukangoja. Kwa Maganga ganzi ilishika dakika ya kumi na tisa.

Baada ya hapo nimepima kama ulivyosema. Wagonjwa saba bila soda: aliyewahi kabisa ni dakika kumi na tano, aliyechelewa ishirini na mbili. Wagonjwa saba na soda: kuanzia nane hadi kumi na tatu. Ni wachache, najua, na mwalimu wako atasema huo si ushahidi. Soda yako inafanya kazi, mpwa wangu, nakushukuru. Lakini nimekaa na zile saba za kwanza, nikahesabu. Hakuna hata mmoja aliyekufa ganzi kwa dakika kumi. Hata mmoja. Na mimi dakika kumi ndizo nilizokuwa nikiwapa watu kwa miaka kumi na tisa, halafu nawauliza kwa sauti ya mkubwa, nao wananijibu kama mtu anavyomjibu mkubwa.

Usiku nawakumbuka walivyokuwa wakiniaga. "Asante, mzee." Wote walisema asante.

Mkono wa mama yako mwaka ule ulikuwa na usaha. Sasa ninakuuliza, na safari hii usinijibu habari za soda.

Mjomba wako,
Valerian

*

Moshi
10 Julai 1994

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze. Jina lake usisahau kuniandikia.

Alisikia, Mjomba. Alisikia yote, tangu kisu kilipoingia mpaka uzi wa mwisho.

Alikuwa ameweka pindo la khanga mdomoni. Mimi ndiye niliyeifua ile khanga aliporudi nyumbani, nikakuta imetoboka alama za meno. Nikamuuliza, akaniapisha nisikuambie kamwe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nimekaa na kiapo hicho miaka kumi. Leo nimekivunja. Nitaenda kuungama kwa padri, halafu nitaungama kwa mama, na najua yupi atanipa kitubio kizito zaidi.

Nilimuuliza, "Mbona hukumwambia Mjomba?" Akasema, "Kaka yangu alikuwa anatoka jasho kuliko mimi. Amenisukuma kwenye baiskeli kutoka asubuhi, hajala. Ningemwambiaje kwamba dawa yake haifanyi kazi, mbele ya daktari?" Hakuwa na kinyongo, Mjomba, naomba uniamini hapo. Kila mara alipotutajia mkono ule alisema, "Huu mkono ni wa kaka." Lakini kurudi mezani hawezi. Anakuogopa na anakupenda, na hajui amwambie nani. Ndiyo maana ng'ombe wa jirani hawaishi kuingia shambani.

Nami sikuweza kukuambia. Ungekuwa mtu mwingine ningesema siku ile ile. Ni wewe uliyenilipia sekondari, ni wewe uliyenipeleka stendi na kuniambia nisome hiyo kazi yako ili niijue kuliko wewe. Nikaona nikufundishe habari za tindikali, labda utafika mwenyewe. Nilikuzungusha, nisamehe.

Na lile la wino mwekundu nililikusudia wewe. Penye usaha, hata mwalimu wangu asingeweza kumfanya afe ganzi kwa dakika kumi. Ulimwokoa mkono kwa ulichokuwa nacho. Bila wewe nisingekuwa na mama mwenye mikono miwili, na huenda nisingekuwa na mama.

Nakushukuru kwamba umeuliza. Wakubwa wengi wasingeuliza.

Mtoto wako,
Evodia

*

Milanzi, Sumbawanga
7 Agosti 1994

Mpwa wangu Evodia,

Mtoto wa Zenon anaitwa Evodia. Mama yake alitaka jina la kisasa, lakini mimi nilikuwa na sababu zangu na sikuwaeleza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta. Nikaenda hadi Pito kwa miguu, maana nilihitaji njia ndefu. Nilimkuta mama yako anapepeta ulezi kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Tereza, najua kuhusu khanga." Akaendelea kupepeta. Nikamwambia nimekosa, na si kwake tu. Nikamwambia sikuja kumchukua, nimekuja kuomba radhi, na asiponijibu nitarudi kesho.

Alimaliza kupepeta ungo ule. Halafu akasema, "Evodia atanitambua." Kwa hiyo jiandae kwa hilo. Kisha akaniletea togwa, tukanywa. Nikamweleza habari za soda, na kwamba safari hii mkono hauna usaha kama ule, na kwamba hakuna tena dakika kumi. Mwenye kusema wakati umefika ni mgonjwa. Akauliza, "Na nisiposema?" Nikamwambia, "Tutakaa hapo mpaka jioni, daktari na glavu zake."

Alikuja Jumatatu iliyofuata.

Mkono umekatwa kidonda chote na kushonwa. Hakikufika kwenye mfupa. Kipande kimepelekwa Mbeya kupimwa, majibu hayajarudi, lakini Dakta Eustace anasema kingo alizobakiza ni safi na ana matumaini. Anaweza kukunja vidole vyote. Jana amefukuza kuku kwa mkono huo huo nikamgombeza.

Hospitali tumebadilisha utaratibu. Epifania ndiye anayeuliza, na pini, na macho yaliyofunikwa. Soda tunachanganya mbele ya daktari. Wagonjwa wengine wanashangaa kuulizwa mara nyingi hivyo, wanadhani tumesahau jibu la kwanza. Kuna wale wa miaka yangu kumi na tisa ambao siwezi kuwafuata nyumba kwa nyumba. Nikikutana na mmoja njiani namsalimia kwanza, hata akiwa mdogo kwangu, naye anashangaa mzee amepatwa na nini.

Asante, mpwa wangu. Asante kwa soda, na asante kwa kunizungusha. Ungeniambia moja kwa moja mwezi wa tatu ningekasirika na nisingepima, na mama yako angebaki Pito na kidonda chake.

Nataka ujue jambo moja zaidi, kisha nifunge bahasha.

Siku ile nilimchoma mimi, halafu nikakaa nyuma ya kichwa chake na saa yangu. Dakika ya tano akasema kali. Ya sita, kali. Dakika ya saba Epifania akasita kidogo, kwa sababu daktari alikuwa amesimama tayari na mikono juu, na nje kulikuwa na wagonjwa wawili wanangoja. Mama yako akageuza kichwa chini ya taulo kunitafuta. Alijua nipo hapo, alinisikia nikipumua. Tangu tukiwa wadogo dada yangu huyu wa Pito, mama yako, hajawahi kunikatalia neno, wala kuniambia nimekosea, wala kuniambia ninamuumiza.

Akasema, "Bado, kaka. Inauma."

Nikamwambia asante, nikamwambia daktari angoje.

Mjomba wako,
Valerian